Stempu za Alhamisi

Wizara yetu ya nje, hapa Tiraspol, ina ghorofa tatu
na simu moja ya kupiga ng'ambo.
Ukitaka kuipata, anza na mia tatu sabini na tatu,
namba ya nchi tuliyoachana nayo.
Tuligawana mizinga, reli, hata makaburi;
namba ya simu bado ni ya ndoa.

Miaka kumi na tisa naandika barua.
Pongezi kwa wafalme wapya,
rambirambi za mafuriko,
heri ya uhuru kwa kila aliyewahi kuupata.
Waraka ni nusu ya kuonana, husema watu.
Mimi, Yefrosinia, nimejumlisha nusu zangu zote:
hazijatimiza uso mmoja.

Na stempu!
Stempu zetu ni nzuri, zina samaki, zina ngome,
lakini pumzi yao inakatikia kizuizini.
Basi kila Alhamisi dereva Ghenadie huvuka
akanunue stempu za Chisinau.
Ili niuambie ulimwengu kwamba sisi si wao
nalamba kwanza mgongo wa stempu yao.
Ladha yake naijua: gundi, na chumvi kwa mbali.

Wageni tunao. Usiseme hatuna.
Novemba alikuja Bwana Batal kutoka Sukhumi,
kwingine kulikoandikwa kwa penseli,
na sanduku la chenza begani kama mchukuzi.
Nilipiga pasi bendera mbili.
Arkadi Prokopovich, mkuu wa itifaki, akataka nyimbo za taifa,
tukasimama wote, hata mfagizi na ndoo yake.
Kisha tukatambuana, rasmi, kwa kalamu ya wino,
marehemu wawili wakishuhudiana kuwa wako hai.
Jioni mkahawani Batal aliangusha sarafu yetu ya plastiki.
Akainamisha sikio, akingoja.
"Haililii," nikamwambia. "Itafute kwa macho."
Akacheka mpaka akafuta machozi,
na sijui ni lini kicheko kiliisha machozi yakabaki.

Muungwana hupiga hodi mara tatu,
asipojibiwa hugeuza kisogo.
Sisi mlango tumeukariri, misumari yake tunaijua kwa idadi.
Ndani wapo. Tunasikia vijiko.

Halafu, Machi hii, ikaja bahasha.
Kutoka kisiwa kimoja cha mbali, jina nalifunika,
nilikowaandikia pole ya kimbunga.
Haikuwa na nembo. Haikuwa na waziri.
Mstari mmoja, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuandika haraka:
*Barua yako imefika. Sina mamlaka ya kukujibu.*

Niliisoma nimesimama.
Niliisoma tena chooni, mlango nimeufunga kwa komeo.

Najua ningepaswa kuipeleka ghorofa ya tatu.
Arkadi Prokopovich angeiita utambuzi,
angeiweka kwenye fremu, angeita bendi ya shaba,
na kule kisiwani mtu angefukuzwa kazi
kwa kosa la adabu.
Nikaibeba nyumbani ndani ya kitabu cha mapishi.
Iko kwenye droo ya jikoni, na nyuzi za kushonea,
na pasipoti tatu za mwanangu:
moja ya kusomea, moja ya kufanyia kazi,
moja ya kwetu, isiyovuka mto Nistru.

Alhamisi iliyofuata nilinunua stempu moja zaidi
kwa fedha yangu.
Sikuandika Mheshimiwa. Sikuandika kwa niaba ya.
Niliandika kwamba barafu imepasuka mtoni usiku,
kwamba goti la kushoto linanisumbua,
nikauliza kama paa lao limepata mabati.
Nyuma ya bahasha, pa mtumaji,
kalamu ilifika kwenye neno *nchi*
ikasimama kidogo, kama mzee anayevuka barabara.
Nikaliruka.
Nikaandika mtaa, namba ya jengo, ghorofa ya nne.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
kengele ni mbovu,
piga hodi.